Git: Amri ikitolewa ndani ya folda ndogo hufika wapi?

Na Mwandishi Wetu

MTAALAMU wa kompyuta anayefanya kazi ndani ya folda ndogo ya mradi anaweza kuamini kuwa amehifadhi kazi yake yote, kumbe sehemu yake imebaki nje. Chanzo cha kosa hilo ni kutojua mipaka ya amri aliyoitoa.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili. Kumbukumbu hizo kwa kawaida hukaa katika folda iliyofichwa iitwayo .git, kwenye folda kuu ya mradi. Amri inapotolewa ndani ya folda ndogo, Git huitafuta hapo hapo. Isipoiona hupanda ngazi moja, kisha nyingine, hadi iikute. Ndiyo maana mtumiaji halazimiki kurudi juu kila mara.

Hata hivyo, kuiona hifadhi ni jambo moja na eneo linaloguswa na amri ni jambo jingine. Amri ya git commit -a huchukua mabadiliko ya mafaili yote yaliyokwishasajiliwa katika mradi mzima. Lakini git add ikifuatwa na nukta huishia katika folda aliyomo mtumiaji na zilizo chini yake. Ndivyo ilivyo pia kwa git clean, inayofuta mafaili yasiyosajiliwa. Aidha, git add -u nayo iliishia hapo hadi toleo la 2.0 la mwaka 2014, lilipoifanya ihusu mradi mzima.

Kupanda ngazi huko kumewahi pia kuzua hatari. Aprili 2022 ilitangazwa kuwa, katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mwenye nia mbaya angeweza kuweka folda ya .git ngazi za juu, na Git ya mwenzake ikatekeleza maagizo yaliyomo. Tangu toleo la 2.35.2, Git hukataa hifadhi inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, hadi iidhinishwe.

Kwa usalama, inafaa kuanza na git status, ambayo huonyesha mabadiliko ya mradi mzima hata ikitolewa ndani ya folda ndogo. Amri ya git rev-parse --show-toplevel hutaja folda kuu ni ipi. Na kabla ya kufuta, git clean -n huorodhesha yatakayoondolewa bila kugusa kitu, kwani faili ambalo halikusajiliwa likishafutwa, Git haina kumbukumbu ya kulirudisha.