Nani Mwenye Katiba?

Niko katika uwanja ambamo sheria na siasa haziachani. Mimi nilianza na shahada ya sheria, nikazoea kusoma vifungu na kusaka hukumu zilizotangulia. Lakini swali lililonivuta kwenye falsafa ya siasa, na ambalo sasa ndilo utafiti wangu wa uzamivu, halina kifungu cha kulijibu: Bunge linaloweza kurekebisha katiba, je, lipo jambo lisiloruhusiwa kuligusa?

Kesi za Mchungaji Christopher Mtikila ndizo zilizonionyesha uzito wa swali hilo. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, aliamua kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Bunge likarekebisha katiba na kumfungia njia mgombea binafsi. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo: mahakama, ilisema, haina uwezo wa kuitangaza ibara ya katiba kuwa batili, na suala hilo ni la kisiasa, Bunge liliamue. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaona kuwa haki za Mtikila zilikiukwa.

Hoja ya Mahakama ya Rufani naiheshimu, kwa kuwa majaji hawapigiwi kura. Hata hivyo hainiridhishi, maana Bunge lenyewe limezaliwa na katiba. Litapataje mamlaka ya kumnyang'anya raia kile ambacho katiba ilimkabidhi? India ilijibu mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, kwa majaji 7 dhidi ya 6: muundo wa msingi wa katiba hauvunjwi kwa marekebisho. Nchini Kenya, katika kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha katiba, Mahakama Kuu na ya Rufani zilikubali fundisho hilo mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikalikataa.

Nyuma ya mabishano haya yumo Emmanuel Sieyès, Mfaransa aliyetofautisha, mwaka 1789, taifa linalounda katiba na vyombo vinavyoundwa nayo. Kinachonishughulisha ni pale wananchi wanapotoa maoni yao, kama walivyofanya mbele ya Tume ya Jaji Warioba kuhusu katiba mpya ya Tanzania, kisha rasimu ikabadilishwa na Bunge Maalum na kura ya maoni ya 2015 ikaahirishwa. Je, mamlaka yao yalikuwa wapi wakati huo?

Ukitaka kuingia, usianze na vitabu vya nadharia. Soma kwanza hukumu ya Lugakingira yote, halafu ile ya 2010, na ubishane na zote mbili.