KUFINYANGA CHUNGU NDANI YA KOMPYUTA

Siku hizi vijana wa Korogwe na Handeni wanaweza kukuambia, "Natengeneza sanamu kwenye kompyuta." Mzazi anashangaa. Sanamu gani hiyo isiyo na udongo wala mti? Tena kijana anakaa siku tatu mbele ya mashine, na kazi ya jana leo ameifuta. Je, anacheza au anafanya kazi? Swali hili ni la haki, maana wapo wazazi wanaoombwa wauze mbuzi ili mtoto akasomee kazi hiyo mjini.

Hebu tuanze na kazi tunayoijua. Mama mfinyanzi huchimba udongo, huuponda na kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa. Hufinyanga chungu, hukikausha kivulini polepole, halafu hukichoma. Mchanga ukipungua mno, chungu hupasuka. Kikianikwa juani haraka, hupata ufa. Hakuna mama aliyezaliwa akijua kipimo. Alijaribu, kikapasuka, akabadili, akajaribu tena. Na chungu kilichopasuka motoni ndiyo basi, hakirudi kuwa udongo laini.

Ndani ya kompyuta hakuna udongo. Kuna nukta. Kila nukta ina namba tatu: ya kwanza yasema nukta iko wapi kwa upana, ya pili kwa kwenda mbele au nyuma, ya tatu kwa kimo. Nukta zikiunganishwa kwa mistari, zinafanya vipande vidogo vidogo vya pembe tatu au nne. Fikiri wavu wa samaki uliovishwa juu ya chungu, kisha chungu kikatolewa, wavu ukabaki umesimama. Huo wavu ndio sanamu. Unaweza kuuzungusha ukaona mgongo wake na chini yake. Picha ya ukutani haina mgongo.

Lakini kompyuta haijui chungu ni kitu gani. Ukisahau kitako, yenyewe haikukumbushi. Mwaka 1975, mtaalamu Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alichora kwa penseli birika la chai la nyumbani kwake, kisha akaingiza namba za nukta zake katika kompyuta. Wataalamu wengi wakalitumia birika hilo kujaribia kazi zao. Kumbe mwanzoni halikuwa na kitako! Liliwekewa baadaye. Birika lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya kompyuta huko California.

Basi usishangae mwanafunzi akikosea. Chungu chake kinaonekana kinaelea hewani, kwa sababu hakuweka kivuli chini. Anavuta nukta moja ya mdomo, shingo yote inapinda. Anaweka nukta nyingi mno akidhani ndiyo ufundi, mashine inakwama. Mara nyingine ukuta wa chungu hauna unene hata kidogo. Kwenye kioo kinapendeza, lakini kikipelekwa kwenye mashine ya kuchapa sanamu za plastiki, hakichapiki vizuri. Kila kosa linamfundisha kitu ambacho hakukiona kabla.

Hapa kompyuta inamshinda mfinyanzi kwa jambo moja. Ipo amri ya kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pale palipokuwa pazuri. Ila umeme ukikatika kabla kazi haijahifadhiwa, hasara ni ile ile ya chungu kupasuka. Mwenye akili huhifadhi nakala mara kwa mara: chungu cha 1, cha 2, cha 3.

Faida ipo. Fundi seremala anaweza kumwonyesha mteja kitanda pande zote kabla ya kukata ubao. Ubao ukishakatwa vibaya, nani atalipa?

Sasa habari ya mbuzi. Programu iitwayo Blender, iliyoanzia Uholanzi, ni huru tangu mwaka 2002. Inachukuliwa bure, na mafunzo yake mengi yako bure kwenye intaneti. Anayekuuzia programu hiyo anakula fedha yako. Gharama ya kweli ni kompyuta yenye nguvu, umeme na muda. Kabla hujauza chochote, mwambie kijana akuonyeshe vyungu vyake vilivyoharibika, akueleze kila kimoja kiliharibikia wapi na alikibadili vipi. Akiwa na kimoja tu, kizuri, na hawezi kukieleza, huenda amekinakili kwa mwenzake. Mbuzi abaki zizini kwanza.