Pasipoti ya dada wa kazi iko wapi nyumbani kwako?

Ijumaa moja baada ya chakula, shangazi yangu hapa Muscat alianza hadithi yake ileile: vipi walifika kutoka Unguja na sanduku moja, vipi skuli walichekwa kwa Kiarabu chao cha kubabaisha, vipi waliitwa Wazinjibari na huku babu zao wamezikwa Nizwa. Sote tunaijua kwa moyo. Dada wa kazi, mtu wa Tanga, alikuwa akikusanya sahani. Akasema kwa upole, "Lakini Mama, nyinyi mlipewa uraia."

Kimya. Kisha shangazi akasema, "Wallahi, kweli."

Mimi neno lile limenikaa. Sisi tumelelewa na hadithi za kudharauliwa, na ni za kweli, lakini zimetufanya tujione siku zote watu wa chini. Baada ya 1970 Sultani Qaboos aliwaita Waomani wa nje warudi. Waliotoka Afrika Mashariki wengi walikuwa na skuli na Kiingereza, wakati nchi inatafuta waalimu, wauguzi na makarani. Walichekwa lafudhi, ndiyo. Lakini mwisho wa mwezi walipokea mshahara, na hapana aliyeweza kuwaambia kesho pandeni ndege.

Dada yetu je? Kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa kafili. Kazi ikiharibika, na ukaazi umeharibika. Kima cha chini cha riali 325 kilichowekwa 2013 ni cha Waomani wa sekta binafsi, yeye hakimhusu. (Qatar tangu Machi 2021 wameweka riali 1,000 za kwao, na wafanyakazi wa majumbani wamo.) Na Kiswahili chetu kimoja, ambacho tunakisifu sana, hakimpi hata siku ya mapumziko. Wakati mwingine kinamuumiza zaidi, maana tukishamwita "mtu wa nyumbani" tunaona haya kuzungumza saa za kazi.

Unafuu hauonekani na aliyenao. Mimi bataka yangu naikumbuka siku ya kuifanya upya tu. Yeye anaiwaza kila akisikia mlango.

Watoto ndio wagumu zaidi, kwa sababu wamezaliwa ndani yake. Hotuba haziwaingii. Shangazi aliwauliza maswali mepesi tu: nani hapa anaweza kwenda dukani bila kuomba ruhusa? Nani akiumwa analala? Nani anajua lini atamuona mama yake? Mdogo wa miaka tisa alikuwa akijibu haraka haraka, mpaka la tatu. Akamtazama dada, akanyamaza.

Kaka yake mkubwa alikasirika: "Kwani sisi tumemfanya nini?" Swali la haki. Hawajamfanya kitu. Kuwa na unafuu si kuwa mkosa, na ukimwambia mtoto ni mkosa ataziba masikio.

Usiku ule shangazi alifungua kabati lake la dhahabu. Pasipoti ya dada ilikuwamo, miaka miwili sasa, "isije ikapotea." Kuishika hakuruhusiwi hapa, na yeye alikuwa akijua. Akampa: "Chukua mwanangu, kaa nayo mwenyewe."

Dada akaipokea kwa mikono miwili, akasimama pale pale.

"Ahsante Mama. Lakini niiweke wapi? Chumba changu hakina kufuli."