Je, Wajua? Beetle Iliyofungwa Upya Ikigoma Kuwaka

Je, wajua kwamba injini iliyotoka kufanyiwa overholi ikigoma kuwaka, mara nyingi hakuna kilichovunjika? Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya, ila kimoja kimefungwa sivyo. Chukua Volkswagen Beetle, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003. VW 1200 ilitwaa Safari Rally ya 1962, kwa hiyo udhaifu wa injini usiwe kisingizio cha fundi.

Je, wajua kwamba alama ya puli inaweza kukudanganya? Krenkishafti huzunguka mara mbili ili kila silinda iwake mara moja. Alama ya silinda namba 1 kufika juu kabisa huonekana basi mara mbili: mara ya kwanza namba 1 imegandamiza, mara ya pili iliyogandamiza ni namba 3, na namba 1 inamalizia kutoa moshi. Distribyuta yenyewe huingia kwa namna moja tu, kwa kuwa meno yake ya chini hayako katikati. Kinachogeuzwa ni ile shafti fupi inayoizungusha. Hapo cheche zipo, petroli ipo, na injini inapiga chafya kwenye kabureta tu. Ng'oa plagi ya namba 1, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe puli taratibu kwa spana. Upepo ukikisukuma kidole huku alama ikikaribia, mgandamizo ndio huo. Rota ikitazama upande wa pili, sogeza nyaya zote za plagi nafasi mbili kwenye kifuniko, ujaribu tena.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, na rota huzunguka kama mshale wa saa. Kwenye Land Rover za zamani za petroli za lita 2.25 ni 1-3-4-2, na rota huenda kinyume chake. Mkono uliozoea Land Rover huchanganya nyaya za Beetle bila mwenyewe kujua. Tena silinda namba 1 ya Beetle iko kulia, upande unaoelekea mbele ya gari.

Je, wajua kwamba pampu ya mafuta husukumwa na kijiti kinachotegemea shafti ileile ya distribyuta? Kikisahaulika mezani, pampu itakaa kimya hata ukipiga stata hadi betri iishe.

Pointi mpya huweza kuja na utando wa mafuta ya kuzuia kutu. Zifute, kisha uache mwanya wa milimita 0.4.

Je, wajua kwamba nyaya za koili zikibadilishana nafasi injini bado inaweza kuwaka? Cheche huwa hafifu, kwa sababu umeme huruka vizuri zaidi ukianzia kwenye ncha ya kati ya plagi, iliyo ya moto. Kwenye koili ya Bosch, 15 hutoka kwenye swichi na 1 huenda kwenye distribyuta.

Stata inajikokota na betri ni nzima? Tafuta mkanda wa arthi kati ya giaboksi na bodi. Rangi mpya maridadi huzuia umeme, na mkanda ukiwa haupo kabisa, umeme hurudi kwa kupitia waya wa klachi au wa akselereta, ambao huanza kupata moto. Ukiona hivyo acha stata mara moja!

Valvu zilizokazwa kupita kiasi hazifungi, na silinda isiyofunga haigandamizi. Hilo nalo kidole kitakuambia.

Je, wajua kwamba kupiga stata sana kwenye injini mpya huila kabla haijawaka? Grisi iliyopakwa kwenye kemushafti hukwanguka kidogo kidogo. Kwa hiyo ng'oa plagi zote, chomoa waya wa koili, zungusha kwa stata hadi taa ya oili izime, kisha ndipo utafute moto. Ikiwaka, usiiache ingurume polepole: ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa takriban dakika 20, ili tapeti na kemushafti zizoeane. Zima, iache ipoe usiku kucha, na asubuhi upime valvu upya: milimita 0.15 kwa injini ya 1600.