Mafuta ya Nazi Hayaponyi Mkwaruzo

Gari likizoea njia za ndani za Mafia, zile zinazobanwa na mikorosho na vichaka kuelekea Bweni, halikai na rangi yake safi kwa muda mrefu. Matawi huchora milango pande zote mbili. Na kwa kuwa kisiwa chenyewe ni cha minazi, dawa ya kwanza hutoka jikoni: tone la mafuta ya nazi kwenye kitambaa, linapitishwa mara mbili tatu, na ule mstari mweupe uliokuwa ukimkera mwenye gari unatoweka. Gari likioshwa kwa sabuni, mstari unarudi palepale. Ukiuliza, utaambiwa mafuta yamekauka. Mafuta ya nazi hayakauki. Yangekuwa yanakauka, maseremala wangeyatumia kama vanishi. Sabuni imeyatoa, basi, na mkwaruzo haukuwa umeguswa hata kidogo.

Ila kule kutoweka kwake kuna fizikia ndani yake, na anayeielewa hawezi kuharibu rangi ya gari kwa pupa.

Tabaka la juu kabisa la rangi ya magari mengi ya leo halina rangi. Ni plastiki angavu, mafundi huiita klia. Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye klia hupungua kasi kwa kiwango cha 1.5 hivi, na pale mpakani sehemu yake hugeuka na kurudi. Uso ukiwa laini, mwanga unaorudi huenda upande mmoja, ndiyo maana mlango wa gari jipya unaonyesha sura yako. Mkwaruzo ni mfereji wenye kingo, na kingo hizo hurusha mwanga huku na huku. Jicho huona weupe hata kama gari ni jeusi tii na humo ndani hamna chembe ya rangi nyeupe. Sasa jaza mfereji huo mafuta ya nazi, ambayo kiwango chake ni takriban 1.45. Tofauti kati ya mafuta na klia ni ndogo mno, mwanga unapita moja kwa moja kana kwamba kingo hazipo. Mfereji upo, ila hauonekani.

Baadhi ya polishi za dukani zinazosifiwa kwa kufuta mikwaruzo hufanya kazi hiyohiyo kwa nta au silikoni badala ya nazi. Zinadumu zaidi na zinanukia vizuri. Sioni ubaya wa kuzitumia, mradi mnunuzi ajue kwamba amenunua kifuniko.

Maji, yenye kiwango cha 1.33, hayafichi vizuri kama mafuta, lakini yanatosha kwa uchunguzi. Osha sehemu iliyochubuka, iache ikauke, kisha nyunyiza maji na uangalie. Mkwaruzo ukipotea kabisa ukiwa umelowa, umeishia ndani ya klia na unaweza kusuguliwa. Ukififia tu, umefika kwenye rangi yenyewe au karibu nayo. Ukibaki vilevile, na hasa ukiona kijivu au wekundu wa praima, tabaka lililo chini ya rangi, weka msasa chini. Halafu pitisha ukucha kwa kuukata mstari: ukucha ukinasa, mfereji ni wa kina kuliko unavyofaa kusuguliwa wote.

Kina chenyewe ni cha kuhesabiwa kwa maikroni, yaani sehemu za elfu moja za milimita. Kiwandani bodi tupu huzamishwa kwenye birika la rangi na kupitishiwa umeme, na rangi hiyo ya kwanza, ya maikroni 20 hivi, hunata kwenye chuma hadi kwenye vipembe ambavyo brashi haifiki. Juu yake huja praima ya maikroni 30 au zaidi kidogo, kisha rangi unayoiona, ambayo ndiyo nyembamba kuliko zote, mara nyingi 15 tu. Klia hufunga kwa maikroni 35 hadi 50. Jumlisha zote: unene wa karatasi moja ya kuandikia, au karatasi na nusu. Klia peke yake haifikii unene wa unywele.

Hapo ndipo fundi mwenye mashine yenye kasi na haraka ya chakula cha mchana anapokuwa mtu wa hatari.

Kung'arisha ni kukwaruza. Isaac Newton aliliona hilo zamani. Katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704 alieleza kwamba kioo kinachosuguliwa kwa mchanga na unga laini hakinyooki kikamilifu, bali matuta yake huvunjwavunjwa yakawa madogo mno hata yasionekane. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa maikroni 0.4 hadi 0.7. Mikwaruzo ikishakuwa midogo kuliko hapo, mwanga unaipita juu kwa juu. Msasa wa maji namba 2000 una chembe za maikroni kama 10, kwa hiyo huacha uso wenye ukungu. Kompaundi huja baada yake kufuta mistari ya msasa na kuacha yake midogo zaidi, kisha polishi laini, ambayo chembe zake, mara nyingi za oksidi ya alumini, hufika maikroni moja au chini ya hapo. Kila hatua inafuta uchafu wa hatua iliyotangulia. Anayeruka hatua moja kwa sababu kompaundi imemwishia atalipia kwa ukungu usioondoka.

Na kila hatua inakula klia. Kusugua kidogo kwa mkono kwa polishi laini hakuli hata maikroni moja au mbili. Msasa ukifuatiwa na kompaundi kali kwa mashine huweza kula tano au zaidi. Ili mkwaruzo wa maikroni 8 utoweke kabisa, klia yote ya pembeni yake lazima ishuke maikroni 8. Ndiyo maana mafundi wazuri mara nyingi hawaufuati mkwaruzo hadi chini. Wanalainisha kingo zake mpaka ziache kurusha mwanga, kisha wanaacha. Unaonekana ukiinama na kuutafuta, na ni nani anayeinama kukagua mlango wa gari la kwenda Utende kupokea wageni?

Klia inayoondolewa hairudi. Hapo gari na jahazi vinatofautiana. Jibondo, kisiwa kidogo cha upande wa kusini kinachojulikana kwa mafundi wake wa vyombo, chombo cha mbao hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hupakwa shahamu ya mafuta na chokaa chini na sifa ya mafuta ya papa juu, na baada ya miezi kazi hiyohiyo hurudiwa. Mpako ule umetengenezwa uliwe na urudishwe. Klia ya kiwandani hupikwa kwenye tanuri la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, gari likiwa bado bodi tupu. Hakuna gereji inayoweza kuliingiza kwenye tanuri hilo gari lenye viti, nyaya na matairi. Ukiimaliza, utapata klia nyingine, lakini siyo ile.

Kuipunguza kuna adhabu ya pili, nayo ni jua. Ndani ya klia mna kemikali zinazonyonya miali ya urujuanimno kabla haijafika kwenye rangi, na klia ikiwa nyembamba, kinga hiyo nayo inakuwa nyembamba. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Boneti na paa ndivyo vinavyopokea yote. Umeshaona magari ambayo paa lake linabambuka vigamba vyeupe ilhali milango bado inang'aa? Hilo ni jua, na mara nyingine ni jua lililosaidiwa na mashine.

Kwa hiyo anayeamua kusugua aanze na sehemu ndogo, ya kiganja hivi, atumie polishi laini kuliko zote, kwa mkono. Ikitosha, imetosha. Gari liwe kivulini na bodi ipoe, kwa kuwa plastiki yenye joto hulainika na polishi hukauka kabla ya kufanya kazi. Mikunjo ya mlango na ncha za boneti zibandikwe karatasi ya gundi, kwani rangi ikiwa mbichi hukimbia ncha, na hapo ndipo ilipo nyembamba zaidi. Mashine ikipita mara moja tu inaweza kufichua praima. Dawa ya meno? Inafanya kazi kidogo, maana ndani yake mna unga wa silika au chokaa uliotengenezwa kusugua meno. Tatizo lake ni kwamba ukali wake hujulikani, mirija miwili ya majina tofauti haifanani. Petroli na thina zisiguse kabisa rangi iliyowahi kupigwa gereji, zinaweza kuilainisha hadi itoke na kitambaa.

Tahadhari moja zaidi. Kuna magari yasiyo na klia, hasa Land Cruiser nyeupe za kazi, zenye rangi ya tabaka moja. Paka polishi kidogo kwenye kitambaa cha rangi nyeusi, sugua pahali pasipoonekana: kitambaa kikitoka na weupe, unachokisugua ni rangi yenyewe. Siyo ajabu wala hasara, gari la namna hiyo ni rahisi kulirekebisha, ila hesabu ya unene ni ileile.

Mikwaruzo mingi, hata hivyo, haitoki vichakani. Simama mbele ya gari jeusi saa sita mchana, utazame jua lilivyojichora kwenye boneti. Kulizunguka utaona duara juu ya duara, kama utando wa buibui, na ukisogea hatua moja utando unasogea nawe. Wengi hudhani aliyeosha gari alisugua kwa kuzungusha mkono. Mistari ile imelala kila upande bila mpango, ila mstari unaorudisha mwanga jichoni pako ni ule tu uliolala kuupinga mwanga huo, na mistari ya namna hiyo daima hupangika kuzunguka taswira ya jua. Mingine ipo, haionekani. Chanzo chake ni kitambaa kilichoanguka chini kikaokotwa, au dodoki, au ndoo moja iliyoosha magari manne. Mchanga wa matumbawe, ambao asili yake ni chokaa, una ugumu wa 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs. Mchanga wa mito, kama unaoshushwa na Rufiji ng'ambo ya mlango wa bahari, una kwatzi yenye ugumu wa 7. Klia ni laini kuliko vyote viwili. Maji mengi ya kumwagia kwanza, kabla mkono haujagusa bodi, huokoa rangi kuliko polishi yoyote. Na ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa.

Wajapani walijaribu njia nyingine. Mwaka 2005 Nissan ilitangaza klia yenye utomvu unaonyumbuka, ambayo mkwaruzo mwepesi hujirudi wenyewe kwa muda wa siku moja hadi wiki, na kadiri joto linavyozidi ndivyo unavyojirudi upesi. Kwa hilo hali ya hewa ya Mafia ingefaa kuliko ya Tokyo. Mkwaruzo uliokata utomvu wenyewe, lakini, hauponi.

Tunabaki na ule uliofika chuma, na kisiwani huo ndio wa kushughulikiwa kwanza, hata kama ni mdogo na uko chini ya mlango ambako hakuna aonaye. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, yenye magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Hewa ya Kilindoni hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Chembe za chumvi zilizorukia gari likiwa juu ya kivuko cha kutoka Nyamisati hazikauki: zinabaki kama tone dogo juu ya chuma usiku kucha, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima kuelekea pande zote. Baada ya miezi unaona uvimbe mahali ambapo hapakuwahi kuguswa.

Hapo polishi haina kazi. Osha kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kausha vizuri, kwangua kutu yote hadi chuma king'ae, futa mafuta kwa spiriti, kisha dondoshea praima kwa kijiti cha meno ndani ya mfereji peke yake, bila kupaka pembeni. Ikikauka, rangi, ikikauka tena, klia, kwa matone membamba yanayorudiwa mpaka yapande kidogo juu ya uso. Subiri wiki kadhaa kabla ya kulisawazisha tone hilo kwa msasa wa maji. Halitafanana kabisa na rangi ya zamani, na kwa gari la kisiwani hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Kama mlango mzima lazima upulizwe, chagua msimu. Wakati wa masika thina inayoruka huupoza uso wa rangi, umande unatua juu yake na klia inageuka maziwa. Zaidi ya hayo, hadina ya klia, yaani kigumishi chake, ina isosayanati, kemikali inayopenda maji: hewa ikiwa na unyevu mwingi, sehemu yake humalizana na maji badala ya rangi na kutoa vipovu vya kaboni dioksidi. Kemikali hiyohiyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu kwa wapiga rangi duniani, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii hata chembe. Fundi anayepuliza chini ya mwembe avae barakoa yenye vichujio vya mvuke, na watoto wanaokuja kutazama wakae upande upepo unakotoka.