Mapunye ya mtoto: usilaumu mchanga, angalia mashine ya kunyolea

Mzazi wa Igoma au Kirumba, jijini Mwanza, akiona mapunye kichwani mwa mtoto, ni rahisi kulaumu mchanga anaochezea. Lakini namna fangasi wanavyozaliana inaonyesha kuwa chanzo kikubwa kiko kwingine.

Udongo kweli una fangasi wanaokula keratini, protini inayojenga nywele, kucha, manyoya na kwato. Penye zizi la mbuzi au banda la kuku, chakula chao ni tele. Mwaka 1952 Raymond Vanbreuseghem, daktari Mbelgiji aliyewahi kufanya kazi Kongo, alieleza jinsi ya kuwanasa: nywele hutandazwa juu ya udongo wenye unyevu kama chambo, na baada ya wiki kadhaa fangasi huota juu yake. Mmoja wao, Nannizzia gypsea, humpata mara chache mkulima au mtoto na kumwachia choa chekundu chenye uvimbe.

Fangasi huyu hana dume wala jike. Ana aina mbili, MAT1-1 na MAT1-2, zinazotofautiana katika jeni zinazoongoza kupandana, na kila aina huihitaji nyingine. Zikikutana udongoni huchanganya urithi na kutoa mbegu zisizofanana na wazazi. Phyllis Stockdale wa Uingereza alithibitisha upandanaji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Lakini fangasi waliohamia kwa binadamu wamepoteza wenza. Trichophyton rubrum, fangasi wa miguu na kucha, karibu sampuli zake zote zilizochunguzwa duniani ni MAT1-1. Kwa hiyo hujinakili tu. Ndugu yake wa karibu, Trichophyton violaceum, msababishi mkubwa wa mapunye Afrika Mashariki, naye hajulikani kupandana. Makao yake si udongo, ni binadamu. Hupita kichwa hadi kichwa kwa chanuo, kofia, mto na mashine ya kinyozi.

Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya unywele. Mapunye huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa na kwa maelekezo ya mtaalamu. Krimu zenye steroidi hutuliza mwasho huku fangasi wakizidi kusambaa.

Mzazi, mpeleke mtoto kituo cha afya na ukague vichwa vya wenzake wote nyumbani. Kinyozi, safisha mashine kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kila kichwa.