Namba Tasa Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Zidisha 2 kwa 2, kisha jibu kwa 2 tena, mpaka 2 zitimie 31. Toa 1. Utapata 2,147,483,647. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alidai hivyo mwaka 1644 bila kutoa uthibitisho, katika orodha ambayo baadaye ilikutwa na makosa kadhaa. Hii aliipatia.

Aliyeithibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, katika barua ya mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa.

Njia ya kawaida ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei. Zaidi ya hapo hakuna haja, maana namba ikiwa na vigawo viwili, haviwezi vyote viwili kuzidi kipeuo hicho. Lakini hata hapo namba tasa za kujaribu zinapita 4,000, na kila moja ni kazi ndefu ya mkono. Euler akazichekecha kwanza. Kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo yakikutana, zinabaki tu namba ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Tukiiacha 1 yenyewe, ziko 373, na nyingi si tasa. Ya kwanza ni 63, yaani 7 mara 9: tupa. Inafuata 249, yaani 3 mara 83: tupa. Kisha 311, ambayo ni tasa, basi igawanye: baki ni 35. Endelea hivyo hadi mwisho, na hakuna hata moja inayoingia sawasawa. Kwangu mimi uzuri wote wa hisabati umo katika kuchekecha huko.

Kutokana na namba hii tasa huzaliwa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 28, ambayo ni 1+2+4+7+14. Zidisha 2,147,483,647 kwa 1,073,741,824 upate 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu kubwa kuliko hiyo haitapatikana kamwe, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba tasa ya tarakimu 39, na kwayo ikapatikana namba kamilifu kubwa zaidi.

Leo namba tasa aliyoithibitisha Euler imo katika kompyuta. Mashine inayotunza namba kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, haiwezi kuhesabu kupita hapo. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu hiyo ikitunzwa kwa biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itasoma Desemba 1901. Dawa yake inajulikana: biti 64. Kompyuta mpya nyingi zimeshahamia huko, na kazi iliyobaki ni ya vifaa vya zamani ambavyo hakuna anayekumbuka kwamba ndani yake kuna saa.